Sala ya Shemasi Gandy Bwawani

Zipu ndiyo iliyomsaliti Bi Ozella Crenshaw. Asingekuwa na bega bovu angejifungia mwenyewe gauni lake jeupe la kanisani, na siri yake ingefika bwawani salama salimini. Lakini bega liligoma, ikabidi amwite binti yake Renita, aliyekuwa sebuleni akitazama saa. Renita akaja, akashika zipu, akaipandisha nusu, kisha akasimama. Ndani ya gauni, pale alipotegemea kuona shimizi, aliona kitambaa cha buluu kinachong'aa, kimembana mama mtu mgongo mzima.

"Mama."

"Funga, tunachelewa."

"Mama, hii ni nini?"

"Nguo."

"Ni nguo ya kuogelea."

"Kama unaijua, mbona unaniuliza?"

Renita akaketi kitandani, taratibu, maana nywele zake zilikuwa zimenyooshwa saluni jana yake na alikuwa amelala usiku kucha kama mtu anayelinda mayai. Siku yenyewe ilikuwa ngumu hata kabla ya hayo. Mji wao wa Tallis, kule Alabama, ulikuwa unazindua bwawa jipya la kuogelea, palepale lilipokuwa la zamani, na kuwakumbuka watoto saba weusi waliokamatwa na polisi kwa kupanga foleni kwenye geti lake enzi zile lilipokuwa la wazungu peke yao. Wiki iliyofuata baada ya kukamatwa kwao, wakuu wa mji waliona bora wote wakose. Walileta malori ya udongo wakalifukia bwawa, majani yakaota, na kwa miaka sitini mji mzima ukakaa bila bwawa. Wale saba sasa wamebaki wanne, na Bi Ozella ni mmojawapo. Renita naye ni karani wa idara ya bustani na michezo, ndiyo iliyoandaa sherehe.

"Leo haogelei mtu," Renita akasema. "Leo ni hotuba, sala, na kukata utepe, basi. Bwawa linafunguliwa Jumatatu. Bwana Haskew ametuonya, bima haijaanza kufanya kazi."

"Nani kasema naogelea? Kwani najua?"

"Sasa hiyo ya nini?"

"Siku ile pia niliivaa ndani ya gauni. Siyo hii, ile ilikuwa ya manjano, shangazi alinishonea. Nikaenda nayo selo, nikarudi nayo kavu. Leo nataka kurudi nimelowa."

"Una miaka sabini na tatu, Mama. Una goti la chuma."

"Chuma hakiogopi maji."

"Kinashika kutu."

"Basi na kishike. Funga zipu."

Renita akafunga. Alimjua mama yake, kubishana naye juu ya nguo ilikuwa kazi bure, na akajipa moyo kwamba nguo iliyofichwa ndani ya gauni haimdhuru mtu. Ila garini, walipokuwa kwenye taa nyekundu karibu na kituo cha mafuta, akasema lililomkaa rohoni.

"Ukiniaibisha leo mbele ya Bwana Haskew, Jumatatu tutakuwa tunakaa wote sebuleni kwako tukitazama televisheni."

"Utakaribishwa," akasema Bi Ozella, akairekebisha kofia yake nyeupe kwenye kioo.

*

Bwawa lilikuwa zuri, hilo lazima lisemwe. Maji yalikuwa maangavu mpaka vigae vya chini vilihesabika, na ngazi pana za saruji zilishuka polepole upande wa kina kifupi, na bomba la kushikilia pembeni. Uzio ulilizunguka lote, na kwenye geti dogo alisimama mlinzi wa bwawa, msichana wa chuo aitwaye Desha, filimbi shingoni, misuko yake imefungwa juu. Renita alimtazama kwa mshangao kidogo. Alikuwa hajawahi kumwona msichana wa rangi yake aliyefanya urafiki na maji namna hiyo.

Hema lilikuwa moja tu, na chini yake palikuwa na viti vya watu wa benki, muuza magari, na madiwani na wake zao. Nyuma ya hema, kwenye jua la Juni ambalo halina huruma na mtu, palikuwa na viti vinne vyenye utepe wa zambarau. Bi Ozella akasimama mbele ya viti hivyo akiegemea fimbo.

"Nani kapanga viti hivi?"

"Ofisi," Renita akajibu.

"Ofisi ina jina?"

Renita akanyoosha utepe wa kiti. Alikuwa amevibeba mwenyewe alfajiri ile, viwili viwili, baada ya Bwana Haskew kumwambia kwamba wafadhili wakiungua jua mwaka kesho hawarudi. Alikuwa amejidanganya kwamba kivuli cha hema kitasogea. Aibu ikampanda mpaka masikioni, na asijue aitupe wapi.

"Afadhali viti," akasema Shemasi Rufus Gandy, ambaye naye alikuwa mmoja wa wale saba, na sasa alikuwa mzee mrefu mkavu mwenye suti ya kijivu. "Siku ile tulikaa kwenye sakafu ya lori la polisi. Keti, Ozella, tunapiga hatua."

Bi Ozella akacheka, akaketi. Bi Verdell Moss, mkuu wa wahudumu wa mlangoni wa kanisa lao la Mlima Nebo, akaja na glavu zake nyeupe kuwagawia vipepeo vya karatasi vya kujipepea. Ofisi iliwaomba yeye na wenzake watano waje kuongoza watu kwenye viti, nao walikuja wamevaa sare kamili, mkono mmoja mgongoni kama kawaida yao, wamejipanga kuanzia hemani mpaka getini. Ukiwaona wamesimama hivyo unajua kabisa kwamba hapa hapapitwi ovyo.

Hotuba zikaanza. Meya alisema mji umetoka mbali. Diwani akasema mji umetoka mbali sana. Mtu wa benki alisema maneno mengi kuhusu benki. Kisha Bwana Haskew, mkurugenzi wa idara, mtu mwekundu mwenye tabasamu la haraka, akawaita wale wanne mbele awape zawadi, watu wakapiga makofi kweli kweli. Kila mmoja akapewa taulo.

Lilikuwa taulo zuri, nene, na nembo ya mji imedariziwa pembeni. Bi Ozella akaligeuza huku na huku.

"Rufus," akanong'ona, "wametupa taulo."

"Naona."

"Sasa tujifute nini?"

Bi Ozella ndiye aliyepangwa kusema neno la shukrani, dakika moja. Renita akamshika mkono mpaka kwenye maiki. Mama yake akashukuru. Akamshukuru Mungu, akamshukuru meya, akashukuru kwa taulo. Kisha akasema, kwa sauti ileile ya upole, "Na sasa naomba niingie kidogo tu majini. Sitakaa sana."

Watu wakacheka kwa upendo, wakidhani ni utani wa bibi. Bwana Haskew akachukua maiki akicheka kuliko wote. "Jumatatu, Bi Ozella! Jumatatu wewe utakuwa wa kwanza, nakuahidi." Akampigia makofi, na watu wote wakapiga. Bi Ozella akabaki amesimama mle ndani ya makofi akiwa ameshika taulo. Alipogeuka hakurudi kwenye kiti. Alijikongoja mpaka getini, Renita nyuma yake akimwita kwa kunong'ona, na Desha akainua kiganja kwa heshima zote.

"Samahani, bibi. Leo hairuhusiwi kuingia."

"Hata miguu?"

"Hata miguu. Halafu hiyo siyo nguo ya bwawani. Samahani sana."

"Una adabu, mwanangu," akasema Bi Ozella, na akageuka.

*

Walirudi kwenye viti vyao vya juani. Renita akashukuru Mungu kimoyomoyo kwamba yameisha, na hapohapo akajichukia kwa shukrani hiyo. Bi Ozella alilikunja taulo lake, akalikunjua, akalikunja tena.

"Mama, Jumatatu nitaomba ruhusa kazini. Nitakuleta mwenyewe."

"Hata yule mlinzi wa geti wa siku ile hakusema hapana," akasema Bi Ozella. "Watu wanadhani alitutukana. Hakutukana. Alisema, siyo leo. Tukamwuliza lini, akasema, siyo leo."

"Safari hii ni kweli."

"Na mimi nikifa Jumapili?"

"Mama, acha mambo hayo."

Bi Ozella akajipepea. Pale mbele mke wa diwani alikuwa anasoma shairi. "Unamjua mjomba wako Lonnie," akasema.

Renita alimjua kwa picha tu, iliyoning'inia karibu na friji, kijana mdogo wa meno mawili makubwa. Alijua alikufa maji mtoni. Nyumbani kwao mto haukutajwa, na maji yalikuwa ya kunywa na ya kufulia. Katika maisha yake yote hakuwahi kuingia kwenye maji yaliyozidi kimo cha beseni.

"Asubuhi ile alilia anataka kutufuata. Alikuwa na miaka saba, tukamwona mdogo. Nikamwambia, Lonnie, nyamaza, mimi naenda kujifunza, nikirudi nitakufundisha. Sikurudi na kitu. Kiangazi kilichofuata joto lilikuwa kama hili, bwawa limejaa udongo, yeye na wenzake wakaenda mtoni. Wangeenda wapi pengine?"

Renita akamgeukia. "Hukuwahi kuniambia hilo."

"Ningekuambia ungeogopa maji."

"Naogopa maji, Mama. Naogopa mpaka mvua."

Bi Ozella akamtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ukalegea, ukawa uso wa mtu aliyechoka. "Najua," akasema. "Hilo nalo ni langu." Renita aliona wazi kwamba mama yake hakuja kupewa zawadi wala kupigiwa makofi. Alikuja kutafuta kitu alichomwahidi mtoto wa miaka saba, na ni yeye, Renita, aliyempangia kiti juani.

*

Kilichobaki kwenye ratiba kilikuwa sala ya kufunga, kukata utepe, na kuku. Kuku walikuwa tayari mezani, na saladi ya viazi ambayo watu wa Mlima Nebo walishaizunguka mara mbili wakiulizana imetengenezwa na nani kabla ya kuigusa. Bwana Haskew akamwinamia Renita sikioni.

"Sala dakika mbili, utepe, tunakula. Yule mzee mwenye suti ya kijivu ndiye anayesali. Nimemchagua mwenyewe, anaonekana mtu mtulivu."

"Shemasi Gandy?"

"Ndiye."

Renita alikuwa likizo siku jambo hilo lilipoamuliwa. Mtoto yeyote wa Mlima Nebo angemwambia Bwana Haskew ukweli. Shemasi Gandy akianza kusali Jumapili, akina mama walio nyumbani huweka keki kwenye tanuri, na akisema amina keki imeiva. Zaidi ya hapo kuna sheria ya kanisa lao ambayo haikuandikwa popote na haijavunjwa na mtu: sala ikiendelea hakuna anayetembea. Mhudumu wa mlangoni akiinua kiganja chenye glavu, ulipo ndipo hapohapo, uwe mlangoni, uwe kwenye ngazi. Mchungaji mwenyewe aliwahi kuzuiwa nje na mvua inamnyea mpaka Gandy alipomaliza.

Shemasi alipokuwa anainuka, Bi Ozella akamvuta koti.

"Rufus. Leo usifupishe."

Shemasi akamtazama, akatazama geti, akaitazama ile kofia nyeupe. "Kwani nimewahi?" akasema.

Watu wote wakasimama. Vichwa vikainama, kuanzia cha meya mpaka cha mpiga picha wa gazeti. Shemasi Gandy akaanza chini chini, kama kawaida yake, akimshukuru Mungu kwa kumwamsha asubuhi akiwa na akili zake timamu. Wale wahudumu sita wakainua viganja kwa pamoja.

Bi Ozella akageuka, akampa binti yake mgongo. "Zipu," akanong'ona.

Renita alikuwa ameinamisha kichwa. Akaona viatu vya Bwana Haskew, vyeusi vinavyong'aa, hatua chache tu kutoka kwake. Akafikiria meza yake ya kazi, na kikombe chake, na miaka yake kumi na minane pale ofisini. Kisha akaishika zipu akaivuta mpaka chini. Gauni likaanguka majanini, na Bi Ozella akatoka ndani yake akiwa na ile nguo ya buluu, soksi za kubana, na kofia ya kanisani. Akaanza kutembea.

Njia ilikuwa moja, na ilipita mbele ya Bi Verdell. Wahudumu wa mlangoni hawafumbi macho kwenye sala, hiyo ndiyo kazi yao. Bi Verdell akamwona rafiki yake anakuja na mapaja yake wazi mbele ya mji mzima, naye mwenyewe bado ameinua kiganja kumzuia mtu, na kwa kitambo wakatazamana wale wazee wawili. Kisha Bi Verdell akafumba macho, akayafumba kwa nguvu kama mtu aliyeingiwa na sabuni, na kiganja chake kikabaki hewani kumsubiri mwingine.

Huyo mwingine alikuwa Bwana Haskew. Alifumbua jicho moja kutazama saa, akaona buluu inapita, akapiga hatua. Glavu ya Bi Verdell ikamtua kifuani. Bwana Haskew naye alilelewa na mama aliyekwenda kanisani. Akasimama palepale. Pale getini Desha alikwisha kushika filimbi, mhudumu mwingine akamwonyesha glavu, filimbi ikashuka. Shemasi sasa alikuwa amepanda sauti, na watu wa Mlima Nebo wakaanza kumwitikia, ndiyo Bwana, ndiyo Bwana.

Bi Ozella akashuka ngazi ya kwanza. Akashuka ya pili, ya tatu, maji yakamfika kiunoni. Kwenye ya nne goti likakataa. Renita alimwona mama yake akiyumba, mikono yote miwili imeng'ang'ania lile bomba, kofia imeinama upande. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa sauti ndogo ambayo Renita hakuwahi kuisikia ikitoka kwake, "Renita. Njoo."

Renita akakimbia. Kiganja cha pili cha Bi Verdell kikainuka, akakipita. Akapita geti. Wahenga walisema maji ukishayavulia nguo sharti uyaoge, lakini yeye hakuvua hata kiatu. Aliingia na suti yake ya kazini, na nywele zake za jana, na woga wake wote. Maji yalikuwa baridi mno, yalimkata pumzi, yakapanda kwenye mbavu, naye akamkumbatia mama yake kiunoni wakashikana kama walevi wawili.

"Nimekushika," akasema, meno yakigongana.

"Nani kamshika nani?" akauliza Bi Ozella.

Wakasimama hivyo. Hawakuzama, na hilo lenyewe liliwashangaza. Jua lilikuwa linacheza juu ya maji. Bi Ozella akatazama huku na huku, akayapigapiga maji kwa kiganja kama anayemtuliza mtoto mgongoni.

"Sasa watu wakishaingia humu," akauliza, "huwa wanafanya nini?"

"Sijui, Mama."

Desha alimwambia mhudumu kitu kwa kunong'ona, kwamba kazi yake ni watu walio majini na majini kuna watu, na glavu ikampisha. Akaja akachuchumaa kwenye ukingo.

"Bibi, unajua kuogelea?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa nakuja kujifunza, nikapitishwa jela kwanza."

Msichana akamtazama. Akamgeukia Bwana Haskew, ambaye bado alikuwa amesimama na glavu kifuani. Meya alikuwa amefumbua macho, na mpiga picha pia, na meya alipomwona mpiga picha akaanza kutabasamu, basi na Bwana Haskew akaanza kutabasamu. Desha akavua filimbi, akaiweka kwenye saruji, akaingia majini bila kurusha hata tone.

"Tunaanza na mapovu," akasema. "Unavuta pumzi, unaweka uso ndani ya maji, unapuliza. Basi. Ukiona taabu unainuka."

Bi Ozella akavua kofia, akampa Renita aishike. Akavuta pumzi. Renita akahisi mbavu za mama yake zikipanuka chini ya mkono wake, mbavu nyembamba kuliko alivyodhani, kisha kile kichwa cheupe kwa mvi kikainama na uso ukaingia majini. Mapovu yakapanda.

Shemasi Gandy alikuwa amefika kwa marehemu. Akawataja wale watatu waliotangulia, mmoja mmoja, watu wakaitikia. Kisha akashusha sauti. "Na Lonnie, Bwana," akasema. "Tulimwacha nyumbani analia." Bi Ozella hakusikia, masikio yake yalikuwa chini ya maji. Renita ndiye aliyesikia, na machozi yakamtoka bila kificho, kwa kuwa alikuwa amelowa tayari na hapakuwa na haja ya kuyafuta.

Bi Ozella akaibuka akihema, akipepesa macho, maji yanamtiririka kwenye makunyanzi. Akakohoa. Akacheka. Akaifuta pua yake kwa kiganja, akamtazama binti yake, akamwona anatetemeka.

"Sasa wewe," akasema. "Usiogope. Tazama, nitakuonyesha."